Mlango wa Chini: Chuo Kikuu cha Columbia, Jirani Zake wa Harlem na Michezo ya Vijana

Vyuo vikuu hupenda kutangaza kwamba vina ushirikiano na watu wa mitaa inayovizunguka, na miongoni mwa mambo yanayotajwa kwanza katika matangazo hayo ni michezo ya vijana: kiwanja kimefunguliwa, jumba la mazoezi limeruhusiwa, wanafunzi wamekwenda kuwafundisha watoto mpira. Neno lenyewe, ushirikiano, ni pana mno. Mtu huweza kushirikiana na mwenziwe katika mali, katika kazi, katika msiba, au katika shauri tu. Kiswahili kina maneno mengine yaliyo makali zaidi, na tofauti zake si za mapambo. Bia ni jambo la kuchanga: walao bia ni watu ambao kila mmoja wao ameleta fungu lake, na kwa hiyo kila mmoja ana haki ya kuuliza chakula kimepikwaje. Ubia ni bia iliyoingia katika mali na biashara. Ujirani hauna mchango uliopimwa. Una haki zake na wajibu wake ambao aghalabu haukuandikwa popote. (Neno jirani asili yake ni Kiarabu, na huko ni la wingi, Waswahili wamelifanya kuwa la mtu mmoja, wakalitafutia wingi mwingine.) Ama hisani hutoka kwa mmoja ikaenda kwa mwingine, na apewaye haulizi kipimo.

Kisa kinachozidhihirisha tofauti hizi barabara ni kile cha jumba la michezo ambalo Chuo Kikuu cha Columbia, katika mji wa New York, kilitaka kulijenga ndani ya bustani ya Morningside, na ambalo halikujengwa. Kisa hicho hukumbukwa zaidi kwa sababu ya maasi ya wanafunzi ya mwaka 1968, ambayo yameandikiwa vitabu vingi. Habari za jumba lenyewe, yaani nani aliahidiwa nini, na aingie kwa mlango gani, mara nyingi hupitwa kwa haraka, nazo ndizo zinazohitaji kuelezwa.

Columbia kilihamia mahali panapoitwa Morningside Heights mwaka 1897. Mahali pale ni mgongo wa mwamba. Upande wa mashariki mwamba huo unakatika ghafla, na chini yake ndiko iliko tambarare ya Harlem. Mtelemko ulikuwa mkali mno kwa kupitisha barabara, na kwa sababu hiyo wakuu wa mji waliuacha uwe bustani ya watu wote. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, mafundi mashuhuri wa bustani, waliuchorea ramani mwaka 1873, wakaifanyia marekebisho mwaka 1887. Ni ukanda mwembamba wa ekari 30 hivi. Juu yake kikakaa chuo, chini yake mtaa. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 Harlem ikajaa Wamarekani Weusi waliotoka kusini mwa nchi, na wengine waliotoka visiwa vya Karibi, hata mpaka ule wa ardhi ukawa pia mpaka wa rangi na wa mali.

Pande zote mbili zilikuwa na haja ya kweli. Jumba la mazoezi la Chuo lilikuwa la zamani na dogo, na viwanja vyake vikubwa vilikuwa mbali, penye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Manhattan. Watoto wa Harlem nao waliishi katika nyumba za kupanga zilizobanana, na kwa wengi wao barabara ndiyo iliyokuwa uwanja. Basi katikati ya miaka ya 1950 Chuo kilipatana na idara ya bustani ya mji. Kwa gharama yake kikatengeneza viwanja vya mpira katika sehemu ya kusini ya bustani. Siku za kazi vitumiwe na wanafunzi, na mwisho wa juma na wakati wa kiangazi viwe vya timu za vijana wa mtaani. Tangu mwaka 1957 mpango ukafanya kazi. Chuo kikaweka wasimamizi, timu za wavulana zikaundwa, mashindano yakachezwa. Yalikuwako manung'uniko juu ya ua uliozungushwa mahali palipokuwa wazi, lakini watoto walicheza, na kwa miaka kadhaa mpango huo ulihesabiwa kuwa jambo jema.

Yafaa kuangalia jinsi fungu lilivyokatwa katika mpango huo. Lilikatwa kwa saa, wala si kwa mahali. Kijana aliyekuja Jumamosi alisimama palepale aliposimama mwanafunzi siku ya Ijumaa, akapita mlango uleule, akakimbia juu ya mistari ileile ya chokaa. Kama kiwanja kilikuwa kibovu, kilikuwa kibovu kwa wote wawili.

Kufaulu kwa viwanja ndiko kulikozaa fikra ya jumba. Mwaka 1960 Baraza la kutunga sheria la Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuuruhusu mji kukipangisha Chuo sehemu ya bustani, na mwaka 1961 mkataba ukatiwa saini. Ardhi yenyewe ilikuwa ekari 2 na kidogo, penye mtelemko, na kodi yake dola 3,000 kwa mwaka. Wakati huo waliopinga walikuwa wachache. Hata baadhi ya wawakilishi wa Harlem waliunga mkono, kwa hoja iliyo wazi: mji haukuwa na nia ya kuwajengea vijana wao jumba la mazoezi, na hapa palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kulijenga kwa fedha zake. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu, na waandishi wa baadaye wameipuuza kupita kiasi.

Jumba lilichorwa kama majumba mawili yaliyobebana. Sehemu ya juu, iliyo kubwa, ingekuwa ya wanafunzi, nao wangeingia kutoka barabara iliyo juu ya mwamba, karibu na Chuo. Sehemu ya chini, ambayo katika mahesabu mengi ilikuwa pungufu ya sehemu moja kwa sita ya jumba lote, ingekuwa ya watu wa mtaani, nao wangeingia kutoka upande wa bustani ulioelekea Harlem. Kati ya sehemu hizo mbili hapakukusudiwa mwingiliano wa kila siku.

Kwa mjenzi mpango huo ulikuwa na maana. Mtu anayetoka juu huingia juu, anayetoka chini huingia chini. Ndivyo mtelemko unavyotaka, na hakuna haja ya kumpandisha mtoto ngazi nyingi za mwamba ili ateremshwe tena ndani ya nyumba. Lakini mlango si jambo la ujenzi peke yake, na msomaji aliyezoea nyumba za pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Katika nyumba ya Kiswahili mlango wa mbele una baraza yake na heshima yake, na mlango wa uani una yake. Ndugu wa karibu, mwanamke jirani, mtoto wa nyumba ya pili, hupita uani bila ya kubisha sana, na kupita kwao huko ni dalili ya kwamba wao si wageni. Mtumishi naye hupita uani. Mlango ni huohuo mmoja. Kinachotofautisha ni kama yule apitaye angeweza, kama angalitaka, kupita mbele. Ndugu angeweza. Kijana wa Harlem asingeweza.

Zaidi ya hayo, mlango wa pili ulikuwa na historia yake katika Marekani. Katika majimbo ya kusini, kwa muda wa miongo mingi, sheria zilizoitwa kwa jina la Jim Crow zilikuwa zimewatenga Weusi na Weupe katika shule, magari, hospitali na michezo, na milango miwili ya jengo moja ilikuwa alama yake inayojulikana na kila mtu. Sehemu kubwa ya watu wa Harlem walizaliwa huko kusini, au wazazi wao walizaliwa huko. Wapinzani wa jumba wakatunga jina la dhihaka, Gym Crow. Kwa Kiingereza neno la kwanza la jina hilo, ambalo ni ufupisho wa kawaida wa jumba la mazoezi, hutamkwa sawasawa na Jim. Tofauti iko katika maandishi tu, na sikio haliioni. Kwa silabi moja mradi wa michezo ya vijana ukawa umeingizwa katika ukoo wa sheria za ubaguzi, na maelezo yote ya Chuo juu ya mtelemko na ngazi hayakuweza kuutoa humo. Ni nadra kwa mchezo wa maneno kufanya kazi kubwa hivyo.

Kati ya kutia saini na kuanza kujenga ilipita miaka 7, kwa kuwa fedha zilichelewa kupatikana. Miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Mwaka 1964 Sheria ya Haki za Raia ilipitishwa, na mwaka huohuo Harlem ikaingia katika ghasia baada ya askari wa polisi kumpiga risasi na kumwua kijana Mweusi wa miaka 15. Wakati huohuo Chuo na taasisi nyingine za Morningside Heights zilikuwa zikinunua nyumba za kupanga zilizozizunguka, na wapangaji kwa maelfu wakahama au wakahamishwa, wengi wao Weusi na watu wa Puerto Rico. Kwa hiyo mkono uliokuwa ukitoa jumba la michezo ulikuwa pia mkono uliokuwa ukichukua nyumba. Mama aliyepewa hati ya kuhama hakuweza kutenganisha mambo hayo mawili, hata kama yalisimamiwa na ofisi mbalimbali za Chuo.

Mwaka 1966 Thomas Hoving, mkuu mpya wa bustani za mji chini ya Meya John Lindsay, akajitokeza kuupinga mradi. Hoja yake ilikuwa ya ardhi: bustani ni mali ya watu wote na haifai kupangishwa kwa mwenye kujenga nyumba yake. Wasomaji wanaojua mambo ya wakfu watailewa hoja hiyo upesi, ijapokuwa bustani ya mji si wakfu kwa sheria: kilichotengwa kwa ajili ya umma hakigeuzwi kuwa cha mmoja kwa sababu huyo mmoja ana fedha. Chuo kilijibu kwa kuongeza. Mwaka 1967 kilikubali kutia bwawa la kuogelea katika sehemu ya chini. Lilikuwa ongezo la thamani kubwa, nalo halikumridhisha karibu mtu yeyote miongoni mwa wapinzani.

Kazi ya kuchimba ilianza Februari 1968. Mara moja watu wakaja kusimama mbele ya mashine, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo wanafunzi na wakazi wa mtaani. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa mjini Memphis. Tarehe 23 Aprili wanafunzi walikusanyika katikati ya Chuo kulalamikia mambo mawili: jumba la michezo, na uhusiano wa Chuo na taasisi moja ya utafiti wa vita wakati wa vita vya Vietnam. Wakashuka bustanini, wakaubomoa ua uliozunguka machimbo, kisha wakarudi na kuingia Hamilton Hall. Kabla ya mapambazuko wanafunzi Weusi wakawataka wenzao Weupe watoke wakashike majumba mengine. Jambo hilo limeelezwa kwa namna nyingi. Lililo dhahiri ni kwamba kwao shauri la jumba la michezo lilikuwa shauri la Harlem, iliyokuwa ikiwaletea chakula, na hawakutaka lichanganywe na mengine. Majumba matano yakawa mikononi mwa wanafunzi. Ujenzi ukasimamishwa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili polisi waliingia, na watu 700 hivi wakakamatwa. Rais wa Chuo, Grayson Kirk, alijiuzulu Agosti ya mwaka huo, na tume iliyoongozwa na mwanasheria Archibald Cox ikachunguza mambo yote na kutoa taarifa yake. Mwaka 1969 mradi ukaachwa kabisa.

Chuo kikajijengea jumba la mazoezi chini ya ardhi ya eneo lake chenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1974. Shimo lililochimbwa bustanini lilibaki wazi kwa muda wa miaka 20 hivi, mpaka wakuu wa mji walipoligeuza kuwa kidimbwi chenye maporomoko ya maji. Ama vijana wa Harlem hawakupata jumba lile, wala bwawa. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa kuwa husahauliwa na wale wanaolisimulia jambo hili kama ushindi mtupu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1961, jumba lilipoahidiwa, alikuwa mtu mzima wa miaka 18 lilipofutwa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwuliza angependa kucheza nini.

Tofauti ya viwanja vya mwaka 1957 na jumba la mwaka 1968 haiwezi kuelezwa kwa ukubwa wa kilichotolewa. Jumba lilikuwa na thamani kubwa kuliko viwanja, tena lingetumika wakati wa baridi. Haielezwi pia kwa nia mbaya: hakuna sababu ya kudhani kwamba waliochora mlango wa chini walikusudia kutukana. Inaelezwa kwa aina ya uhusiano. Viwanja vilikuwa karibu na bia, ijapokuwa bia pungufu, kwa kuwa mahali palikuwa pamoja na zamu zilikuwa wazi mbele ya wote. Jumba lilikuwa na sura mbili zisizopatana. Katika hati lilikuwa ubia, tena ubia wa Chuo na mji. Watu wa Harlem hawakuwa upande wowote wa hati ile. Katika matangazo lilikuwa ushirikiano na jirani. Na katika utendaji lilikuwa hisani, kwa maana mtoaji ndiye aliyepima, ndiye aliyegawa, ndiye aliyechora mlango. Bwawa la mwaka 1967 ni ushahidi mzuri. Kama kilichokosekana kilikuwa wingi, bwawa lingepunguza ghadhabu. Halikuipunguza, kwa kuwa kuongeza hisani hakuigeuzi kuwa bia, kama vile kumwongezea mtu nyama katika sahani hakumpi sauti penye mapishi.

Ipo hoja ya kinyume, nayo ina uzito. Yaweza kusemwa kwamba chuo ni chombo cha elimu, kina mipaka ya fedha, na kama kila uwanja utahitaji mkutano wa mtaa mzima hautajengwa hata mmoja. Zaidi, nani ndiye mtaa? Waliounga mkono mwaka 1960 na waliopinga mwaka 1968 wote walisema kwa jina la Harlem. Hata hivyo Columbia chenyewe kilikuwa na mpango mwingine ambao haukuangamia: mwaka 1965 kilianzisha kazi ya kuwasaidia vijana wa shule za Harlem na jirani zake katika masomo yao, na kazi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Double Discovery Center, imedumu kwa zaidi ya nusu karne. Humo vijana huingia katika madarasa ya Chuo chenyewe. Hawakujengewa darasa la chini.

Kwa Kiswahili neno mchezo halikomei kwenye mpira. Huchezwa mpira, huchezwa ngoma, huchezwa mchezo wa kuigiza jukwaani, na kitenzi ni kimoja. Kwa hiyo kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983, yaweza kuwekwa kando ya kisa cha Morningside bila ya kulazimisha. Walimu wa sanaa za maonyesho, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walianza kwa kuzungumza na wanakijiji juu ya mambo yanayowasumbua, na mengi yaliyotokea yaliwahusu vijana: wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, vijana kukosa kazi. Ngoma na maigizo ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari ndiyo yaliyofanywa chombo cha kuyatazama mambo hayo, na baada ya kuchezwa yakajadiliwa. Mlama aliieleza kazi hiyo na nyingine za namna yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Malya haikupewa jengo lolote la kutajwa, na walimu walikuwa wageni waliokuja na kuondoka, upungufu usioweza kufichwa. Lakini kijana aliyecheza ngoma pale alikuwa ameleta ngoma yake mwenyewe, naye aliweza kusema kama imechezwa vibaya.

Kwa watu wanaotunga au kutafsiri hati za vyuo kwa Kiswahili, jambo hili lina upande wake wa kazi. Mazoea ya sasa ni kuandika ushirikiano kila mahali, na msomaji wa mtaani akalipokea neno hilo kwa maana anayoitaka, mpaka siku ya ugomvi. Ingefaa ubia utumike pale tu ambapo watu wa mtaani wametia saini, wana fungu linalojulikana, na wana sauti katika kuligawa. Ambapo chuo kinatoa na mtaa unapokea, neno hisani si la aibu. Ni afadhali liandikwe, kwa kuwa humwonya mtoaji asidai shukrani za mbia. Matumizi ya kiwanja kwa zamu yana neno lake tayari, zamu, nalo latosha. Penye jengo lenye milango zaidi ya mmoja, hati itaje kila mlango na watu wanaoruhusiwa kuupita.